Mawe Yaliyosafiri kwa Blanketi

Ninyi mnaobaki karakana ya makumbusho mmeniomba niandike habari za kazi kabla sijazisahau. Sawa. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitaandika. Waliopata wanajua, na waliokosa wanajua zaidi. Nitaandika habari ya jengo moja tu, kwa kuwa ndilo lililokula miaka yangu ya Marekani: chumba cha chini cha kasri moja la Ulaya, kilichopigwa bomu vitani na kuletwa huku vipande vipande. Na kwa kuwa nimestaafu na hakuna tena wa kunifukuza, nitasema pia jambo ambalo nyote mlilijua mkalinyamazia. Kazi ile niliifanya kwa wivu, tangu siku ya kwanza.

Nilianzia Louisville, jimbo la Kentucky. Shirika lililotupokea sisi wakimbizi lilinitafutia kazi katika ghala moja upande wa mtoni, kushusha mizigo na kupanga paleti. Kwetu Bukavu, Kongo, nilikuwa fundi mawe, mtoto wa fundi mawe. Lakini walipouliza ujuzi wangu, mke wangu, Mama Amani, alinikanyaga mguu chini ya meza, akihofia nitaonekana mtu wa kuchagua kazi. Nikasema najua kubeba.

Nyuma ya ghala lile palikuwa na chumba chenye kufuli, na ndani yake masanduku ya mbao yaliyopangwa hadi dari. Tajiri mmoja wa mji ule, baada ya vita kuu ya pili, alikuwa amenunua kifusi cha kasri la zama za Renesansi, zile zama ambapo wenye fedha wa Ulaya walijijengea kwa kuiga Warumi wa kale. Juu kasri lilikuwa limekwisha kabisa. Kilichobaki ni chumba cha chini, mahali pa kuweka divai na viazi, nacho kilibaki nusu. Tajiri akayapakia mawe melini, akafa kabla ya kufungua hata sanduku moja. Warithi wake walipochoka kulipia ghala waliyatoa kwa makumbusho ya Buffalo, na makumbusho yakamtuma Walter aje kuona kilichomo. Mimi nikakabidhiwa kwake nimsaidie kufungua.

Walter alikuwa mzee wa huko huko Kentucky, mjenzi wa mawe tangu ujana wake, bega moja limepanda juu kuliko lingine kwa sababu ya nyundo. Hakuwa msemaji. Alitoa misumari ya sanduku la kwanza mmoja mmoja, akaiweka mfukoni, akainua kifuniko, na hapo ndipo roho iliponiuma.

Kila jiwe lilikuwa limeviringishwa blanketi. Blanketi la sufu, zito, la kufunikia mtoto mchanga. Kila jiwe lilikuwa na namba yake ubavuni kwa rangi nyekundu, na picha ya mahali lilipotolewa ukutani. Mimi nilivuka mpaka na mfuko wa plastiki. Kambini blanketi tulilopewa lilikuwa la familia nzima, na lilikuwa na tundu ambalo kila usiku tulibishana ni zamu ya nani kulala upande wake.

Jioni nilimsimulia Mama Amani. Aliacha kusonga ugali, mwiko ukabaki juu.

“Mawe banaifunika na blanketi?” akauliza. “Bon. Na ile nyumba yetu ya kule, nani aliifunikaka? Donc afazali mutu azaliwe jiwe.”

Nilicheka, lakini sikulala vizuri. Nyumba ile niliijenga mwenyewe, mtaa wa mlimani, ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote. Msingi wa mawe, kuta za mawe hadi madirishani. Iliangushwa na moto wa vita tukiwa tunakimbia. Niliisikia ikishuka nyuma ya mgongo wangu, sikugeuka. Baadaye watu walikwenda wakachukua mawe yake, moja hapa, moja pale, wakajengea za kwao. Siwalaumu, jiwe zuri haliachwi barabarani. Lakini hakuna aliyeyapaka namba.

Kosa langu la kwanza lilikuja siku chache tu baadaye. Walter alikwenda kula, akaniacha na jiwe moja jeusi tii kwa masizi. Sasa, kwetu kitu kikitoka motoni hukiachi vile. Mama Amani alipoletewa kambini sufuria zake zilizoponea moto wa nyumba yetu, kabla hata ya kulia, alizisugua. Kuacha masizi ni kama kuacha mtoto na kamasi mbele ya wageni. Nikachota maji, nikatafuta brashi na sabuni ya mche, nikalisugua jiwe lile mpaka likawa jeupe kama jino.

Walter alirudi na nusu ya mkate mkononi. Akaliangalia jiwe. Akaniangalia mimi.

“Umefanya nini?”

“Nimeosha.”

“Umeosha vita,” akasema.

Akakaa juu ya sanduku, na mimi nikaanza kuwaza nitamwambia nini mke wangu. Kumbe alikuwa anacheka, mabega yote mawili yanapanda na kushuka. Alipomaliza alinieleza kwamba masizi yale ndiyo yaliyokuwa yakionyesha ukuta upi uliukabili moto, na kwamba watu wangekuja makumbusho kuyaona masizi, siyo jiwe. Jiwe lile lipo kushoto unapoingia, jeupe kuliko wenzake wote. Waongoza wageni husema haijulikani ni kwa nini lilinusurika moto. Mimi najua. Ni sabuni.

Tangu siku ile Walter alianza kunimiminia kahawa. Alikuwa na chupa ya chai kuukuu ya bati; yeye hunywa kwenye kikombe, na kifuniko cha chupa akanipa mimi. Nikanywa kwenye kifuniko kile kwa miaka. Tukiwa tunakunywa alinifundisha: jiwe lilazwe kama lilivyolala ardhini, ukilisimamisha litachanika kama kitabu, chokaa isiharakishwe, iloweshwe kila siku kama mche wa kabeji, saruji usiilete karibu na jiwe la zamani hata kwa utani. Mengi nilikuwa nikiyajua kutoka kwa baba yangu, mengine hapana, na yale nisiyoyajua ndiyo niliyoyapenda.

Siku moja alinieleza desturi ya mwalimu wake. Tao hujengwa juu ya kiunzi cha mbao. Mawe yanapandishwa kutoka pande zote mbili, na la mwisho, la katikati juu, ndilo linalolifunga. Kisha zile kabari zilizokishikilia kiunzi zinagongwa polepole, kiunzi kinashuka, na hapo tao linajifunza kujibeba lenyewe au linaanguka. Aliyelifunga ndiye anayesimama chini yake kabari zikigongwa. Kama kazi yake ni mbaya, itamwambia mwenyewe.

Kutoka siku hiyo nilitaka jambo moja katika kazi hii. Mlango wa chumba kile cha chini ulikuwa na tao, na jiwe lake la kufunga lilipotea palepale bomu lilipotua. Siku moja lingewekwa jipya. Nilitaka kuliweka mimi. Nilitaka kusimama chini ya kitu nilichokijenga, mawe juu ya kichwa changu, na kisianguke.

Mawe yakahamishiwa Columbus, kwenye maabara ya chuo kikuu, yatolewe chumvi. Baada ya bomu chumba kile kilijaa maji kwa muda mrefu, na chumvi ikaingia ndani ya jiwe. Ukilijenga hivyo hivyo, linachubuka mwaka hadi mwaka mpaka linaisha. Walter aliniombea kazi nikamfuata. Mawe yalipanda lori maalumu lenye kutembea taratibu lisiyatikise. Sisi tulipanda basi, kiti changu kimekataa kuegemea, na Mama Amani amepakata sufuria zake njia nzima kwa kuwa hakumwamini mtu wa mizigo.

Tulipanga karibu na chuo, mtaa wa wanafunzi, ambao kila Jumamosi huimba kama wameokoka. Kazi yenyewe ilikuwa ya subira: unaponda karatasi na maji yaliyosafishwa inakuwa uji, unalipaka jiwe zima, unangoja uji ukauke uvute chumvi, unabandua, unaanza tena. Mimi nilikuwa mpishi mkuu wa uji huo. Nilijiona mtu.

Ndipo akaja Wanjiru.

Alikuwa Mkenya, amekuja kusomea utunzaji wa majengo ya kale, msichana mrefu mwenye kucha fupi. “Habari ya asubuhi, mzee,” akanisalimu kwa mikono miwili. “Walter ameniambia wewe ndiye unajua haya mawe yote by name. Nitakusumbua, sawa?”

Sikuwa na ubaya naye wiki ya kwanza. Wiki ya pili alipita kwenye jiwe ambalo mimi nilishasema ni zima, akaligonga kwa mpini wa tindo, akainamisha kichwa. Akagonga tena.

“Mzee, hili liko na ufa ndani.”

“Haliko.”

Walter akaja, akagonga, akaitikia kwa kichwa. Ufa ulikuwepo. Wanjiru angekuwa amekisia ningemsamehe, lakini hakukisia. Alikuwa na sikio. Baba yangu alikuwa na sikio la namna hiyo, akanirithisha macho tu.

Mwezi haukwisha nikaona kifuniko cha chupa kiko mkononi mwa Wanjiru. Walter hakunifukuza wala hakuninyima. Aliniletea kikombe kipya cha udongo kutoka duka la chuo, chenye picha. Alidhani ananipa heshima. Nilikichukia kikombe kile kuliko kitu chochote Marekani, pamoja na theluji. Na kiti chake kilisogea upande wa meza ya Wanjiru, kidogo kidogo, na maswali aliyokuwa akiniuliza mimi, “Unaonaje hapa?”, akawa anamuuliza yeye. Mimi nilikuwa nikijibu upesi kabla hajajibu. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nikishindana kunyoosha mkono kama darasa la pili.

Lakini hayo niliyaweza. Kilichonishinda ni simu. Kila mchana Wanjiru alimpigia mama yake Kenya. Waliongea Kikikuyu, sikuelewa, lakini baadaye alinitafsiria akicheka: kuku wameingia jikoni tena, wamemwaga unga. Jiko lile lile alilozaliwa akalikuta. Alinionyesha picha: mlango wa buluu, rangi imebanduka chini pale yeye na kaka zake walipokuwa wakiusukuma kwa miguu.

“Una bahati weye,” nikamwambia siku moja. “Kwenu nyumba ingali inasimama, tena unaipigiaka simu.”

Tangu siku hiyo akawa anakwenda kuongea nje, hata kwenye baridi, na hilo nalo likaniuma: kwamba alikuwa na adabu.

Basi nikaanza kumkagua. Kila alichogusa nilikipitia nyuma yake, na tochi, na timazi, na ukucha wa kidole gumba, ambao nawaambia ninyi vijana ni kifaa bora kuliko mashine zenu: upitishe penye kiungo cha mawe mawili, ukikwama kuna kasoro. Mara moja nikamkamata. Alikuwa amelipanga jiwe wima kinyume cha lilivyolala ardhini. Sikumwita pembeni. Nilimwita Walter, nikasema mbele ya maabara nzima. Wanjiru aliliangalia, akasema, “Ni kweli, asante mzee,” akalilaza vizuri. Nilitaka abishe. Akaninyima hata hilo.

Buffalo ilikuwa ya mwisho. Ninyi mnaijua Buffalo, sina haja ya kueleza theluji yake. Tulipata nyumba North Buffalo, na kanisa la Wakongo, na majirani wanaotoka zamu ya ghala asubuhi tukiwa tunatoka sisi. Makumbusho yalikuwa yametutengea ukumbi wa chini, wenye joto, maana chokaa ikigandishwa na baridi imekufa. Kuta zikapanda. Tukarudisha mawe yenye masizi mahali pake, weusi ukatazama weusi, mpaka ukisimama katikati unajua moto uliingilia wapi na ukatokea wapi. Siku hizo nilikuwa nikitoka kazini nimeelemewa bila kubeba kitu. Nani aliketi akajua moto uliingilia wapi kwangu?

Jiwe la kufunga tao nililichonga mimi. Walter alinipa kazi hiyo, na nikaamini anayechonga ndiye atakayeweka. Nilichukua muda wangu. Nililichonga kwa tindo za mkono, upana juu na wembamba chini, na usiku mikono ilipouma Mama Amani aliipaka mafuta akinisema. Magoti ya Walter yalikuwa yameshakwisha, anatembelea fimbo. Ilijulikana hataliweka yeye. Nikamaliza, nikalifuta vumbi. Akalipapasa pande zote.

“Zuri,” akasema. “Wanjiru atalifunga.”

Nilimuuliza kwa nini, hapo hapo.

“Mkono wake ni mwepesi kuliko wako,” akajibu. Hakulizungusha. Na ubaya ni kwamba ilikuwa kweli.

Nyumbani sikula.

“Weye unakasirikia mutoto ya watu juu ya jiwe moja?” Mama Amani akaniuliza.

“Si jiwe.”

“Sasa ni nini?”

Nikamwambia. Nilimwambia nilitaka kusimama chini ya kitu nilichokijenga na kisianguke. Aliondoa sahani yangu, akaifunika.

“Na mi pia nilikuwa kule,” akasema kutoka jikoni. “Na mi pia nilisikia vile inaanguka. Mi sikusemaka sababu ulikuwa unanikokota mukono.”

Wanjiru aliliweka jiwe. Nilisimama karibu sana, nikitazama. Lilishuka mahali pake na sauti ndogo, chokaa ikatoka sawasawa pande zote mbili, akaikata kwa mwiko mara moja tu. Tukaacha tao lipumzike juu ya kiunzi chake. Muda wote huo, kila asubuhi kabla wengine hawajafika, nilipanda ngazi na tochi yangu na ukucha wangu.

Ilipokaribia siku ya kushusha kiunzi niliwaza kupiga simu niseme mgongo unaniuma. Lakini desturi ya Walter ilikuwa na mkia ambao hakuwahi kunieleza: anayesimama chini ndiye anayemchagua mgonga kabari. Akamuuliza Wanjiru mbele yetu sote.

“Baba Amani,” Wanjiru akanitaja mimi.

Karakana nzima ikaangalia viatu vyake. Nilimfuata pembeni alipokuwa akivaa kofia ngumu.

“Kwa nini mimi? Kuko vijana wenye mikono mizima. Na unajua vile roho yangu iko juu yako.”

“Najua, mzee. Everybody anajua.” Alikaza mkanda chini ya kidevu. “Marafiki zangu wameangalia hii kazi wakaniambia iko sawa. Wewe umeiangalia ukitafuta makosa, tangu Columbus. Kungekuwa na ufa kama unywele ungeshasema, tena mbele ya watu. Kuna ufa?”

Nilitaka sana kusema upo.

“Hakuna,” nikasema.

“Basi gonga kabari.”

Sheria za makumbusho hazikuruhusu mtu kusimama pale. Bwana wa usalama siku hiyo alikumbuka kahawa yake aliyoiacha ghorofa ya juu, na Walter ndiye aliyemkumbusha.

Wanjiru alisimama mlangoni chini ya tao, mikono imeshuka. Nilipiga magoti. Unagonga kabari ya kushoto kidogo, kisha ya kulia kidogo, kamwe usimalizie upande mmoja. Niligonga. Mbao ikalia. Niligonga ng'ambo. Mchanga kidogo ukamwagikia bega lake, na mkono wangu ukakataa kuendelea. Nilikuwa nausikia ukuta wangu wa Bukavu, ile sauti ya kwanza, kabla ya nyingine zote, ambayo ni ndogo tu. Wivu wote ulinitoka mwilini kama jasho. Niliogopa kwa ajili ya mtoto wa watu, na kwa ajili ya mama yake mwenye kuku.

“Mzee,” akasema bila kuangalia juu wala chini. “Umeangalia kila kiungo. Endelea.”

Nikaendelea. Kushoto, kulia. Kiunzi kikashuka upana wa kidole, na kati ya mbao na mawe nikaona mwanga umepita, mstari mzima, kutoka upande mmoja wa tao hadi mwingine. Hakuna aliyepiga makofi. Walter alimimina kahawa kwenye kifuniko, nikasubiri kuona atampa nani, akainywa mwenyewe.

Wanjiru akatoka chini ya tao, akavua kofia, akachukua simu na kumpigia mama yake. Palepale, bila kwenda nje. Nikasikia kicheko cha yule mama, mbali, katika jiko lake lililosimama, na wivu ukanirudia wote, mzima, kama mtu aliyetoka kidogo tu kufunga mlango.

Nikaingia pale alipotoka. Nikainua mkono, nikapitisha ukucha kwenye kiungo cha kushoto cha lile jiwe nililolichonga, kisha cha kulia. Nilitafuta kosa. Nilitafuta polepole, kwa nia mbaya kabisa, mpaka simu yake ilipokwisha. Halikuwepo. Nikashusha mkono, nikasimama tu, mawe yote yale juu ya kichwa changu, na hakikuanguka kitu.